Maharage Hufa, Mgomba Hubaki: Kutunza Mazao ya Msimu na ya Kudumu Kwenye Kihamba Kimoja

Funua sufuria ya kiburu. Humo ndani kuna mimea miwili yenye maisha tofauti kabisa. Maharage yalipandwa Machi, masika yalipoanza, na kufika Julai kila shina lilikuwa limekauka, limeng'olewa na kupigwa. Ndizi zimetoka kwenye shina la migomba ambalo huenda mama mkwe wa aliyepika alilikuta hapo alipoolewa. Kwenye sahani vimekuwa chakula kimoja, lakini shambani kila kimoja kina sheria zake.

Mimi ni bwana shamba, na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, vya Kibosho, Uru na Old Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro ndivyo vilivyonifundisha kazi hii. Hasara nyingi ninazoziona hazitokani na uvivu, maana mkulima wa mlimani si mvivu. Zinatokana na kulitunza zao la kudumu kama la msimu, au kuliacha zao la msimu lisubiri kana kwamba lina miaka mbele yake. Zao la msimu huweka kesho yake yote kwenye mbegu, kisha hufa. Zao la kudumu hujiwekea akiba mwilini, kwenye mizizi, shina au tunguu, na huzaa kwa kile kinachozidi akiba hiyo. Ukishajua mmea umeweka akiba yake wapi, unajua pia pa kupeleka samadi na lini uchukue kisu.

Mmea usio na muda wa kusubiri

Ng'oa shina moja la maharage linapoanza kuchanua, ukung'ute udongo taratibu. Kwenye mizizi utaona vinundu vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakuna kazi inayofanyika. Sasa rudi mwezi mmoja baadaye, maganda yakiwa yamejaa, ung'oe shina la pili. Vinundu vimesinyaa, majani ya chini yamekuwa njano, mizizi imechoka. Wakulima wengi hufika hapo wakakimbilia dukani kutafuta dawa, na huo si ugonjwa. Mmea unahamisha kila ulichokuwa nacho, kutoka kwenye majani na mizizi, kwenda kwenye punje. Unajimaliza ili mbegu ishibe.

Aina nyingi za maharage tunazopanda huchanua kati ya siku 35 na 45, na hukomaa kati ya siku 75 na 95. Ukipanda juu kwenye baridi huchelewa zaidi. Hizo siku ndizo maisha yake yote. Mbuni, yaani mti wa kahawa, uliokosa samadi mwaka huu utadhoofika, lakini mwakani bado upo na unaweza kuuinua. Maharage yaliyosongwa na magugu wiki ya tatu hayana mwakani. Ndiyo maana nasisitiza palizi ya kwanza ifanyike ndani ya wiki mbili hadi tatu baada ya kuota, na isiwe "nikipata nafasi". Na ukifika wakati wa maua, usiingie na jembe tena, kwa sababu maua yakipukutika kwa kuguswaguswa, mmea hauna muda mrefu wa kuyarudisha.

Mahindi ni hivyo hivyo. Yanapofika magotini, idadi ya mistari ya punje kwenye hindi ambalo bado hulioni inakuwa inapangwa ndani ya bua. Mbolea ya kukuzia ikiwekwa wakati huo inakuta mmea unaamua ukubwa wa mzigo wake. Ikiwekwa mbelewele zimeshachomoza, majani yatakuwa ya kijani kizuri, ila mistari haiongezeki.

Kuna jambo moja ambalo kila mkulima wa mahindi afanye kwa mikono yake walau mara moja. Kila uzi wa ndevu za hindi umeungana na punje moja, na chavua kutoka kwenye mbelewele isipotua juu ya uzi huo, punje yake haijazi. Siku tano au sita baada ya ndevu kutoka, chuma hindi moja. Lichane maganda kwa kisu toka kwenye kitako hadi ncha, uyafungue polepole bila kuvuta ndevu. Kisha lishike kwa kitako, liiname, ulitikise. Nyuzi ambazo punje zake zimeshachavushwa zitaanguka chini zenyewe. Zitakazong'ang'ania kwenye gunzi ni zile ambazo bado. Ukiona nusu ya ndevu zimeshikilia, ujue jua lilikuja wakati mbaya. Kiangazi cha wiki mbili mahindi yakiwa machanga hayajafika magotini huweza kusameheka. Kiangazi hicho hicho wakati wa ndevu hakisameheki. Mwenye zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, na ana maji ya mara moja tu, ayatunze kwa siku hizo.

Mbegu ya kuweka na mbegu isiyowekwa

Kwa kuwa zao la msimu huendelea kwa mbegu pekee, swali la mbegu ndilo swali la zao lenyewe. Na hapa maharage na mahindi yanaachana njia.

Ua la maharage hujichavusha lenyewe likiwa bado limefumba. Kwa hiyo mtoto anafanana na mzazi. Ukinunua mbegu safi ya aina kama Lyamungu 90, Selian 97 au Jesca, unaweza kuweka mbegu yako msimu mmoja au miwili na bado ikawa ile ile. Kinachoiharibu ni magonjwa yanayosafiri ndani ya mbegu. Usisubiri maharage yafike kwenye gunia ndipo uchague. Pita shambani maganda yakiwa bado mabichi, ufunge uzi mwekundu kwenye mashina yenye afya, uyaache yale ambayo maganda yake yana madoa ya kahawia yaliyodidimia. Ukivuna, yale yenye uzi yapige peke yake, uyakaushe vizuri, uyahifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla fukusi hawajataga.

Mahindi hutawanya chavua kwa upepo. Vihamba vyetu na hata mashamba ya chini ni vipande vyembamba, kwa hiyo hindi lako ni mtoto wa mahindi ya majirani watatu. Ukipanda aina isiyo chotara kama Staha au TMV-1 na unataka kuweka mbegu, chagua katikati ya shamba, mbali na mpaka, na uchukue mahindi yasiyopungua hamsini kutoka mashina tofauti. Mbegu ya mahindi chotara usiiweke kabisa. Nguvu yake inatokana na wazazi wawili maalumu waliounganishwa. Ukipanda punje zake, watoto hutawanyika, mmoja mrefu, mwingine mfupi, huyu ana hindi kubwa, yule ana gunzi tupu. Nunua mpya kila msimu, yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye mfuko.

Kabichi, karoti na vitunguu viko katikati. Hivi kwa asili huishi misimu miwili: wa kwanza hujaza akiba, wa pili, baada ya kupita kwenye baridi, hutoa maua na mbegu. Ndiyo sababu mkulima wa Arusha hulima karoti miaka yote bila kuona mbegu yake. Anavuna ile akiba kabla mmea haujaitumia. Mbaazi na nyanya nazo zinaweza kuishi zaidi ya msimu zikiachiwa. Sisi ndio tunaozing'oa. Mbaazi ikikatwa kwa uangalifu baada ya kuvuna huchipua tena.

Mgomba: mama, mtoto na mjukuu

Watu huniuliza kama mgomba ni zao la msimu, kwa sababu shina likishazaa mkungu mmoja hufa. Swali ni zuri. Shina lile la juu kwa kweli si shina. Likate katikati utaona ni mabamba ya majani yaliyokumbatiana kama kurasa, na katikati kabisa, kama mgomba umekaribia kuzaa, kuna kamba nyeupe laini inayopanda, hiyo ndiyo bua la mkungu. Shina halisi ni tunguu, lile fundo nene lililo chini ya udongo. Tunguu halifi na mkungu. Hutoa machipukizi, na kila chipukizi huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na zaidi kidogo kwenye maeneo ya juu, mpaka kuzaa. Ndizi zetu za kula hazina mbegu inayoota. Mshare, aina mojawapo ya ndizi zetu, uliopo leo Uru ni kipande cha mshare wa zamani kilichopita mkono kwa mkono, chipukizi kwa chipukizi.

Kwa hiyo kazi ya mkulima wa migomba ni kupanga vizazi. Kwenye shina moja acha mama anayebeba au anayekaribia kubeba, mtoto mmoja mkubwa, na mjukuu mmoja mdogo. Wengine waondoe wakiwa bado wadogo, na uwaondoe hadi chini kwenye kiini chao, maana ukikata juu juu watarudi baada ya wiki mbili. Ukiacha watoto sita kwa huruma, utavuna mikungu sita ya kulishia mbuzi. Mtoto wa kuchagua ni yule mwenye majani membamba yaliyochongoka kama upanga, aliyeshikamana na tunguu la mama kwa unene. Wale wenye majani mapana wakiwa bado wafupi huonekana wamenona, ila wameshikamana kwa kamba nyembamba na hawatafika mbali.

Jambo la pili ni wakati wa samadi. Idadi ya chana kwenye mkungu hupangwa ndani ya shina miezi kadhaa kabla mkungu haujachomoza. Nimewakuta watu wengi wakimwaga ndoo za samadi siku wanayoona ua jekundu linaning'inia, kwa furaha. Samadi hiyo haipotei, itamlisha mtoto, lakini chana za mkungu ule zimeshahesabiwa. Mlishe mtoto akiwa amefika kifuani mwako. Ndipo anapoandaa mzigo.

Ukipanda chipukizi kutoka kihamba kingine, menya mizizi yote na ngozi ya tunguu hadi nyama nyeupe ionekane, uondoe kila tundu la fukuzi wa migomba, kisha lichovye tunguu kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Watu huogopa kwamba litaiva. Haliivi kwa sekunde 30. Wanaokufa ni minyoo na mayai ya wadudu. Na ukishavuna, katakata lile shina la mama vipande vidogo na uvitandaze vikauke, kwa kuwa fukuzi hupenda kutaga kwenye mabua yanayooza yakiwa mazima.

Soma tawi la kahawa

Mwaka jana nilipita kwa mama mmoja wa Kibosho. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akajibu, "Marahaba baba, karibu. Njoo uone kahawa inavyonitesa. Mwaka juzi ilinipa mpaka matawi yakalala chini. Mwaka huu hata debe sitapata. Nimeikosea nini?"

Tulikaa chini ya mbuni mmoja nikamwomba ashike tawi. Karibu na shina lilikuwa kavu, la kijivu, lina alama za mahali punje zilipokaa zamani. Katikati kulikuwa na vifundo vichache vyenye punje. Kwenye ncha, mahali ambapo pangetakiwa kuwa na kipande kibichi chenye majani mapya, palikuwa pamekauka, peusi. Nikamwambia tawi la kahawa lina miaka mitatu ndani yake. Kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyoota mwaka uliotangulia, na haizai mara ya pili kwenye kifundo kile kile ikawa na maana. Lililo karibu na shina ni la mwaka uliopita, katikati ni mwaka huu, ncha ndiyo mwakani. Mwaka ule wa neema, mibuni yake ilibeba kuliko majani yaliyokuwepo kuilisha. Punje zikanyonya akiba, ncha zikafa, na mwakani ikafa pamoja nazo. Alikaa kimya kidogo, akapapasa ile ncha nyeusi kwa kidole. "Kumbe ile neema ilikuwa mkopo," akasema.

Mbuni haujimalizi kwa mbegu kama maharage, ila ukiuacha bila kupogolea utajaribu. Ndio maana tunapogoa kila mwaka baada ya mavuno: kuondoa matawi yaliyokwisha, maotea yasiyohitajika, na yaliyosongamana katikati, ili mti ubaki na mzigo ambao majani yake yanauweza. Machipukizi ya maua hulala wakati wa kiangazi, na mvua nzuri ya kwanza ikiyaamsha, baada ya siku nane hadi kumi kihamba chote hunukia kama asmini. Kutoka ua hilo hadi punje nyekundu ni miezi minane au tisa. Wakati wote huo mti unabeba mambo mawili kwa pamoja, punje za mwaka huu na matawi ya mwakani. Ukiwa na samadi kidogo, weka chini ya ukingo wa matawi, juu ya udongo, uifunike kwa matandazo. Usichimbe. Mizizi inayokula iko juu juu, na jembe linalotafuta nafasi ya kupanda maharage chini ya mbuni ndilo linaloikata. Kwenye kahawa changa, miaka miwili ya mwanzo, maharage katikati ya mistari ni sawa. Matawi yakishatanda, yaache.

Mibuni ya mama yule ilikuwa imezeeka, na nilimshauri kuikata visiki, robo ya shamba kila mwaka ili asikose mapato yote kwa mara moja. Kata kama usawa wa goti, kwa mshazari ili maji yateleze, uache tawi moja la chini liendelee kulisha mizizi hadi machipukizi mapya yachukue kazi. Chagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine ondoa. Mizizi ya zamani ndiyo akiba. Inasukuma mti mpya haraka kuliko mche. Ila kama mibuni ni ya aina za zamani zinazougua chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani kila mwaka, afadhali kubadilisha kwa aina kinzani zinazotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu.

Kosa linalokaa miaka sita

Nilinunua miche ishirini ya parachichi kwenye kitalu kimoja, nikaambiwa ni ya aina ya Hass. Nikaichimbia mashimo, nikaimwagilia viangazi viwili. Mwaka wa tatu hakuna ua. Wa nne hakuna. Mwaka wa sita mitano ilizaa, na kila mmoja ulizaa tunda lake: moja refu, jingine la duara, jingine lina nyuzi kama katani. Ilikuwa miche ya mbegu. Niliumia, na bado naumia nikipita pale, kwa sababu ningelima mahindi mabaya ningejua baada ya miezi minne, nikanunua mbegu nyingine, nikaendelea. Zao la kudumu likikosewa siku ya kupanda, linakukumbusha kila mwaka.

Parachichi huchavushwa kwa mchanganyiko, kwa hiyo kokwa haitoi mti unaofanana na mama. Nunua mche uliobebeshwa tu, na usikubali maneno: inama, tafuta kovu la kuunganisha kwenye shina, karibu na udongo. Hakuna kovu, hakuna Hass. Tena ua la parachichi hufunguka mara mbili. Kwa Hass, asubuhi ya siku ya kwanza ni jike, hufumba, kisha mchana wa siku ya pili hufunguka likiwa dume. Fuerte, aina nyingine, hufanya kinyume, jike mchana na dume asubuhi inayofuata. Ukipanda Fuerte wachache kati ya Hass, na mizinga ya nyuki isiwe mbali, uzazi huongezeka.

Rutuba inayopanda mlima

Wazee walitenganisha maisha haya mawili kwa mahali: migomba na kahawa juu kihambani, karibu na nyumba na zizi; mahindi na maharage kwenye shamba la chini, tambarare. Mpango mzuri, ila una mlango mmoja unaovuja. Mabua ya mahindi na makapi ya maharage hupandishwa mlimani kulisha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe huishia kwenye migomba. Shamba la chini hutoa kila mwaka na halirudishiwi. Mimea ya msimu haiachi mizizi minene wala majani ya kuoza kama migomba, kwa hiyo udongo wake huchoka kwanza. Kama gari linashuka tupu kwenda kuchukua mabua, lishuke na magunia machache ya samadi. Na sehemu ya mabua iache huko huko, ilale juu ya udongo.

Magugu nayo yana tabia mbili

Kishonanguo ni cha msimu. Shina moja hutoa maelfu ya mbegu, lakini liking'olewa kabla ya ua, limekwisha. Kwa hiyo palilia mapema, na ukitoka kwenye kona yenye mbegu zilizokomaa, zibandue kwenye suruali yako hapo hapo, usiende kuzibandua kwenye kihamba cha pili.

Ndago na sangari ni za kudumu, na jembe la kawaida huzipanda badala ya kuziua. Chimba ndago taratibu ufuate uzi wake: utakuta vijinundu vyeusi vimeshikana kama shanga, na kila kimoja kikikatwa huwa mmea. Sangari ina mizizi myeupe inayotambaa, kila kifundo kina chipukizi. Dawa yake ni subira na kiangazi. Tumia jembe la meno, udongo ukiwa mkavu na mwepesi, unyanyue bila kukatakata, ukusanye, utandaze juu ya jua kali siku kadhaa hadi vivunjike mkononi. Ndago haipendi kivuli, kwa hiyo panda maharage kwa nafasi yanayofunika haraka mahali ulipoichimbua, na urudi kila inapochungulia, kabla haijapeleka chakula kipya chini. Ulichokichimbua usikitupe kwenye shimo la mboji kikiwa kibichi, wala usikitupe mfongoni, kwani maji yatakishusha hadi kwa jirani wa chini, na masika yajayo ataanza kuhangaika na ndago iliyotoka kwako.